Bahari yaanzia mtaroni: Wanafunzi wa Nairobi na sanaa ya kuihifadhi Bahari Hindi

MWAMBIE mwanafunzi wa shule ya msingi jijini Nairobi achore bahari, nawe utaipata picha ile ile katika kila daftari. Mstari wa samawati umekatiza ukurasa, minazi miwili imeinama upande wa kushoto, jua linachungulia nyuma ya mashua, na pomboo mmoja ameruka hewani kana kwamba ameitwa kupigwa picha. Ni picha nzuri. Ila haikutoka machoni mwa mtoto. Imetoka kwenye kalenda iliyotundikwa dukani au kwenye katuni za televisheni.

Hatuwezi kumlaumu. Mombasa iko takriban kilomita 480 kutoka Nairobi, na nauli ya daraja la kawaida ya garimoshi la SGR, iliyokuwa Sh1,000 kwa mtu mzima, ilipandishwa hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024. Kwa mzazi wa Kangemi au Kawangware mwenye watoto watatu au wanne, kwenda kutazama mawimbi ni anasa. Wengi wa watoto hao humaliza shule bila kuyagusa maji ya chumvi.

Pamoja na hayo, mtoto huyu huyu huombwa mara kwa mara achore, achonge, aimbe au aghani kwa niaba ya bahari. Mashindano ya sanaa kuhusu bahari yapo, likiwemo lile la shirika la Bow Seat la Marekani, lililoanzishwa mnamo 2012, ambalo hupokea kazi za vijana wa umri wa kati ya miaka 11 na 18 kutoka pembe zote za dunia. Siku ya Bahari Duniani huadhimishwa Juni 8 kila mwaka, siku tatu tu baada ya Siku ya Mazingira, na shule nyingi hutundika michoro ukutani katika juma hilo.

Swali ambalo mwanafunzi ana haki ya kuuliza, na ambalo mwalimu wake hana budi kulijibu kabla ya kugawa rangi, ni hili: bahari inanihusu nini mimi wa Nairobi?

Jibu linapita nyuma ya ua la shule yake.

Mto mmoja, majina matatu

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Kutoka huko huteremka kupitia Dagoretti, ukapita karibu na Kawangware na Lavington, ukafika Chiromo na Museum Hill, kisha ukaambaa ukingoni mwa katikati ya jiji kuelekea Gikomba na mitaa ya mashariki. Vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo huleta maji ya Kilimani na Kileleshwa. Kusini kidogo, mto Motoine hupita kando ya Kibera, ukaingia katika Bwawa la Nairobi na kutoka humo ukiitwa Mto Ngong. Upande wa kaskazini uko Mto Mathare. Yote hii hatimaye hukutana mashariki mwa jiji, baada ya mmoja wao kupita kando ya jaa la Dandora, na kuingia katika Mto Athi.

Athi nao hauishii Ukambani. Huanguka katika maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, hufuata uwanda wa Yatta, na baada ya kukutana na Mto Tsavo hubadilisha jina na kuitwa Galana. Huvuka mbuga ya Tsavo Mashariki, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Mlango wake uko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi, na hapo humwaga ndani ya Bahari Hindi kila ulichokibeba.

Kwa hivyo kandambili iliyokatika ukanda na kutupwa mtaroni Kawangware ina njia ya maji isiyokatika hadi baharini. Mtaani tunaiita patapata, na jina hilo linaifaa, kwani ndivyo inavyokwenda.

Tuseme ukweli lakini, maana mchoro unaotiwa chumvi haumfunzi mtu. Si kila patapata ya Kawangware hufika Malindi. Nyingi hukwama katika matete, katika nguzo za madaraja, katika magugu ya Bwawa la Nairobi na katika maporomoko. Zilizokwama hupigwa na jua, zikapasuka vipande, vipande navyo vikawa chembe zisizoonekana kwa urahisi, na chembe hizo ndizo husafiri mbali zaidi. Kisha huja mvua kubwa, kama zile za Aprili na Mei 2024 zilizosomba nyumba na kuua watu katika mitaa ya kandokando ya mito jijini, na yaliyokuwa yamekwama kwa miaka hung'oka kwa usiku mmoja.

Utafiti uliochapishwa mnamo 2021 katika jarida la Science Advances ulikadiria kwamba asilimia 80 ya plastiki inayoingia baharini kupitia mitoni hubebwa na mito zaidi ya 1,000. Kabla ya hapo wengi walidhani lawama ni ya mito michache mikubwa ya Asia. Watafiti hao walibainisha kwamba mito midogo inayopita katikati ya miji ni miongoni mwa wachafuzi wakubwa. Mito ya aina ya Nairobi na Ngong, kwa maneno mengine.

Bahari yenyewe imeweka kumbukumbu za yale tuliyoitumia kutoka bara. Matumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti. Mnamo 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kulichunguza tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Walipima ndani yake madini ya bariamu, ambayo huletwa na udongo unaomwagwa na Mto Sabaki. Kwa miaka mingi kiasi kilikuwa kidogo na hakikubadilika sana. Mwanzoni mwa karne ya 20, misitu na nyika za bara zilipoanza kulimwa chini ya utawala wa kikoloni, kiasi hicho kilipanda ghafla, na hakikurudi chini tena. Miamba hiyo imo katika eneo lililotengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1968, lakini mpaka wa hifadhi hauzuii tope.

Mwanafunzi akishaijua habari hii, mchoro wake hubadilika. Pomboo anaweza kubaki, lakini sasa kuna mto upande wa pili wa ukurasa, na pengine jina la mtaa wake limeandikwa juu yake.

Yaliyoanzishwa na watoto wa Kiunga

Kuna karakana katika mtaa wa Karen, kusini-magharibi mwa jiji, ambayo kila mwalimu wa sanaa wa Nairobi angefaa kuijua. Inaitwa Ocean Sole, na kazi yake ni kuchonga wanyama kutokana na kandambili kuukuu.

Chimbuko lake ni huko Kiunga, kaskazini mwa Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mhifadhi wa bahari Julie Church alikuwa akifanya kazi katika hifadhi ya bahari ya eneo hilo. Fuo za huko hupokea taka kutoka nchi nyingi za Bahari Hindi, kwa kuwa mikondo na pepo za kusi na kaskazi hazijui mipaka. Kandambili zilikuwa zimetapakaa mchangani, mahali ambapo kasa hupanda kutaga mayai. Church aliwaona watoto wa kijijini wakizikata na kuziunganisha kuwa vidude vya kuchezea.

Hapo ndipo lilipoanzia wazo zima. Akina mama walihimizwa kuziokota, kuziosha na kuzikata, na vilivyotengenezwa vikauzwa. Baadaye shughuli hiyo ilihamia Nairobi na kukua hadi kuwa kiwanda kidogo cha sanaa. Mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya biashara iliyofaulu. Kwa maoni yangu sehemu yake muhimu zaidi ni ile ya mwanzo, nayo hupitwa haraka: wasanii wa kwanza walikuwa watoto ambao hakuna aliyewapa mada wala zawadi. Waliokota kilichokuwa miguuni pao.

Namna ya kufanya kazi katika karakana hiyo ni rahisi kueleza. Kandambili huoshwa, hupangwa kwa rangi, hugandishwa pamoja kwa gundi hadi ziwe pande kubwa, kisha pande hilo huchongwa kwa kisu na kusuguliwa. Baadhi ya mafundi wake walikuwa wachongaji wa mbao. Kinachotoka ni kasa, nyangumi, twiga au tembo mwenye mistari ya rangi nyingi mwili mzima. Mistari hiyo haifichwi kwa rangi ya kupaka. Anayemshika kasa huyo mkononi huona soli juu ya soli, na pengine alama ya kidole gumba cha mtu asiyemjua.

Mfano wa pili nao ulitoka Lamu. Mnamo Septemba 2018 dau lililoundwa kwa plastiki zilizotumika lilishushwa majini huko. Mwanzilishi wa mradi huo alikuwa Ben Morison, na fundi mkuu wa uundaji Ali Skanda, wa ukoo wa waundaji wa vyombo vya baharini. Tani kama 10 za taka za plastiki ziliyeyushwa na kumiminwa kuwa mbao na mataruma, na ubavu wa chombo ukafunikwa kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Likaitwa Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga njiani ili wakazi na wanafunzi walione na kufunzwa. Mnamo 2021 safari ikawa ya Ziwa Victoria.

Dau hilo lilifanya jambo ambalo bango haliwezi. Liliwachukua mafundi wenye ujuzi wa karne nyingi, likawapa takataka, nao wakaunda chombo kikaelea. Mtoto wa Nairobi aliyezoea kuona fundi wa jua kali akigeuza pipa kuwa jiko hahitaji maelezo marefu hapo. Jiji hili lina jadi yake ya sanaa ya vitu vilivyotupwa, tangu magari ya waya ya watoto hadi miwani ya ajabu ya Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi ambaye kazi zake za vyuma na takataka zimeonyeshwa katika nchi nyingi.

Bomba la Kibera mbele ya mataifa

Je, sanaa ya namna hii imewahi kumfikia mwenye uwezo wa kuamua? Nairobi ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo, kwa sababu makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, yako Gigiri.

Mnamo Februari na Machi 2022, wajumbe wa Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira walipowasili huko, walikutana na bomba kubwa la maji lililoning'inia hewani, lenye kimo cha jengo la ghorofa kadhaa. Mdomoni mwake palimwagika plastiki badala ya maji. Msanii alikuwa Benjamin Von Wong kutoka Kanada, na plastiki zenyewe zilikusanywa Kibera kwa mikono ya wakazi wa huko. Wajumbe walilazimika kupita mbele yake. Mnamo Machi 2 mwaka huo, baraza hilo liliazimia kwamba mataifa yaanze kuandaa mkataba wenye nguvu za kisheria wa kukomesha uchafuzi wa plastiki.

Ingekuwa utoto kudai kwamba bomba ndilo lililopitisha azimio. Azimio lilikuwa limetayarishwa kwa miezi mingi na wanasheria na wanadiplomasia. Bomba lilifanya kazi nyingine. Liliweka hoja moja machoni: kupiga deki sakafu ilhali bomba li wazi ni kazi bure, sharti kwanza ufunge bomba. Hoja hiyo, kwamba dawa ni kupunguza plastiki inayotengenezwa na si kuokota tu, imekuwa kiini cha mabishano tangu hapo.

Mabishano yenyewe hayajaisha. Mazungumzo ya mkataba yalirejea Nairobi mnamo Novemba 2023. Siku mbili kabla hayajaanza, mamia ya wanaharakati waliandamana wakifuata bendi ya ngoma na tarumbeta, kutoka katikati ya jiji kuelekea upande wa magharibi, wakiwa na mabango. Mwishoni mwa 2024 wajumbe walikutana Busan, Korea Kusini, na Agosti 2025 wakakutana Geneva. Mara zote mbili walitawanyika bila mkataba, hasa kwa sababu nchi zinazozalisha mafuta na kemikali za plastiki hazikutaka kuwekewa kiwango cha juu cha uzalishaji.

Humu nchini upo mfano ulio karibu zaidi na uwezo wa kijana. Serikali ilijaribu kuzuia mifuko myepesi ya plastiki mnamo 2007 na tena 2011, ikashindwa. Kisha James Wakibia, mpigapicha wa Nakuru, akaanza kupiga picha za mifuko ilikokwama, mitaroni, kwenye ua na kwenye miti, na kuzisambaza mtandaoni pamoja na wito mmoja mfupi: mifuko ipigwe marufuku. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, aliuunga mkono wito huo. Mapema 2017 marufuku ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na ikaanza kutekelezwa Agosti 28 mwaka huo kwa adhabu ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne.

Wakibia hakuwa peke yake, na wala si picha tu zilizoleta sheria. Lakini angalia alichofanya. Hakuwahimiza Wakenya wapende mazingira. Alionyesha kitu kimoja, mahali kilipo, akasema anachotaka kifanywe na nani.

Hapo ndipo, kwa hisia zangu, kazi nyingi za wanafunzi wetu hujikwaa. Aliyewahi kuketi katika tamasha za muziki na drama za shule anazijua vyema tungo za mazingira: safu ya watoto waliovaa majani, vidole vimenyooshwa kwa hadhira, na orodha ya maagizo kwa umma. Tuhifadhi. Tutunze. Tukomeshe. Hadhira hupiga makofi, na mtaro ulio nje ya ukumbi hubaki ulivyokuwa. Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho wenyewe, uliofunguliwa mnamo 1952, uko mwendo mfupi wa miguu kutoka Mto Nairobi. Sijui ni waigizaji wangapi waliokuja kughani pale kuhusu mito ambao waliwahi kushuka kuutazama.

Somo la sanaa linaloanzia mtoni

Kwa bahati nzuri, nafasi ya kulirekebisha hilo imepanuka. Chini ya mfumo wa 8-4-4, masomo ya sanaa na muziki yaliondolewa katika mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tunajua yanayolipata somo lisilotahiniwa: kipindi chake huliwa na Hisabati. Mtaala wa umilisi umeyarejesha. Sanaa na michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu, ambako kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na wanafunzi hutakiwa pia kufanya kazi za kuihudumia jamii. Mradi wa mto hutimiza yote mawili.

Mwalimu wa Dagoretti, Kangemi au Kilimani aliye na darasa la wanafunzi 50 na bajeti isiyokuwepo anaweza kufanya nini? Aanze na ukusanyaji, kwa glavu na chini ya uangalizi, katika kipande kidogo cha mtaro wa shule badala ya mto wenyewe, ambao una majitaka na chupa zilizovunjika. Taka zikishaoshwa na kukaushwa, darasa lizitenge kwa aina na kuzihesabu: chupa, vifuniko, karatasi za mikate, pakiti za vibanzi, sponji za magodoro, kandambili. Hesabu hiyo ndiyo nusu ya kazi ya sanaa. Wanafunzi watagundua, mathalani, kwamba mifuko ya kubebea ya zamani ni michache, ilhali karatasi za mikate ni tele. Wataulizana kwa nini, na jibu ni kwamba marufuku ya 2017 haikuzigusa plastiki ambazo viwanda hufungashia bidhaa. Kitu kilichoanza kama somo la uchoraji kimekuwa somo la sheria.

Kisha waunde. Vifuniko vya chupa hutengeneza picha za vipande vipande zinazopendeza kuliko rangi yoyote ya dukani, na kila rangi ya kifuniko ina soda yake ambayo mtazamaji ataitambua. Kandambili hukatika kwa kisu. Karatasi za mikate zikisokotwa hutoa kamba. Kama ni kasa atakayeundwa, idadi ya vitu vilivyotumika na jina la mtaro vilikotoka viandikwe kando yake. Shindano la Bow Seat, kwa mfano, humtaka mshiriki aambatanishe maelezo ya kutafakari kazi yake, na bila shaka mwanafunzi aliyehesabu taka zake ana mengi ya kuandika kuliko aliyenakili pomboo.

Kuna mitego ambayo huonekana midogo. Ule unaonishangaza zaidi ni rangi. Rangi ya akriliki, inayopendwa shuleni kwa sababu hukauka upesi na huoshwa kwa maji, ni plastiki. Brashi ikioshwa chini ya mfereji, chembe zake hufuata njia ile ile ya Athi na Sabaki. Vumbi linalometameta, linalomwagwa kwa wingi kwenye mabango ya watoto, kwa kawaida nalo ni plastiki iliyokatwakatwa. Kutengeneza bango la kuikomboa bahari kisha kuimwagia bahari bango lenyewe ni kichekesho ambacho mwalimu angeepuka kwa ndoo moja: maji ya brashi yaachwe yatulie, na mashapo yatupwe pamoja na taka ngumu. Jambo jingine ni moto. Mafundi wa Lamu waliyeyusha plastiki kwa mitambo na ujuzi. Darasani plastiki isichomwe hata kidogo, kwani moshi wake ni sumu. Hata kusugua kandambili kwa msasa hutoa vumbi ambalo mtoto hafai kulivuta.

Pia kazi yenyewe ikishaonyeshwa iende wapi? Sanamu ya chupa iliyotelekezwa nyuma ya maktaba kwa mihula mitatu imerudi kuwa taka. Afadhali ifumuliwe na vifaa vyake vipelekwe kwa wanunuzi wa plastiki, ambao hawakosekani katika mtaa wowote wa jiji, na wanafunzi waone bei ya kilo moja.

Maandishi kando ya mtaro

Upo utaratibu mmoja wa ng'ambo ambao naona ungeifaa Nairobi kuliko maonyesho ya ukumbini. Nchini Ureno, wanafunzi wa shule zilizo katika mpango wa shule za kimazingira hupaka rangi kandokando ya mashimo ya mitaro ya mvua barabarani, wakachora samaki, pweza au kasa, na kuandika kwamba bahari inaanzia hapa. Miji mingi ya Ufaransa nayo imeweka vibao vyenye ujumbe huo huo pembeni mwa mitaro yake. Mpita njia mwenye kichungi cha sigara mkononi hukutana na jicho la samaki kabla hajakitupa.

Katikati ya Nairobi, maji ya mvua ya barabara kama Tom Mboya, River Road na Kirinyaga huteremka kuelekea mtoni, ambao uko chini tu hapo. Bustani ya John Michuki, iliyopewa jina la waziri aliyeanza kuusafisha mto huo mnamo 2008, iko kwenye kingo zake. Jumba la Makumbusho ya Kitaifa lina njia ya miguu inayoshuka hadi majini. Darasa linaweza kuanza asubuhi kwenye makumbusho, likashuka mtoni, kisha likapanda mjini kufuata mitaro kinyumenyume hadi kwenye vibanda vya chakula, na kufikia saa sita kila mtoto atakuwa ameiona safari ya patapata kwa macho yake.

Vifuniko vya chuma vya mitaro si vya kutegemea, maana wauzaji wa vyuma kuukuu huvipenda kuliko wasanii. Bora kuchora kwenye saruji ya ukingo, kwa idhini ya serikali ya kaunti, au kuanza na mitaro iliyo ndani ya ua la shule ambako hakuna kibali kinachohitajika ila cha mwalimu mkuu. Chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu wa Dagoretti au Kikuyu hutoa rangi isiyo na plastiki. Hufubaa baada ya misimu miwili mitatu ya mvua, na darasa jipya litalazimika kuipaka upya.

Mvua za masika huanza Machi. Chokaa huhitaji majuma kadhaa ili ishike kwenye saruji, kwa hivyo mwalimu atakayejaribu afadhali akusanye udongo Januari, shule zinapofunguliwa, na aimalize kazi kabla ya katikati ya Februari.